Sahani Iliyogeuka Nyeusi

Wageni walikuwa hawajafika Laksmi alipomwaga iodini juu ya sahani ya bakteria, na sahani yote ikawa nyeusi. Mimi nilikuwa pembeni yake napanga glasi za chai.

"Rudia, dada," nikamwambia. "Labda umekosea."

"Nimesharudia, Tutik. Wamekwisha."

Bakteria hao tuliwatoa kwenye chemchemi za maji moto za milima ya Dieng, na kazi yao ni kutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga. Unawakuza juu ya wanga, unamwaga iodini, wanga unageuka mweusi, lakini pale walipofanya kazi panabaki duara nyeupe. Pasipo na duara hapana kimeng'enya. Na asubuhi hiyo walikuwa wamiminwe kwenye tangi jipya, mbele ya wenye kiwanda cha unga wa muhogo waliotununulia tangi hilo. Likigoma, mradi unafungwa. Mlezi wa bakteria ni Laksmi, kwa hiyo wa kwanza kufukuzwa angekuwa yeye.

Kilichonichefua ni kwamba maabara nzima ilijua. Duara zilianza kusinyaa mwaka jana. Kila Jumatatu Pak Wiryatmo, profesa wetu (Pak ni kama kusema Mzee), alipita na tabasamu lake akiuliza, "Bado wazuri?" Chumba kizima kikajibu, "Wazuri, Pak." Sisi watu wa mji huu wa Yogya ndivyo tulivyo. Mtu aliyekufundisha kushika pipeti humpi habari mbaya usoni. Unasema wazuri, kisha unamwachia Mungu.

Laksmi peke yake ndiye aliyewahi kufungua mdomo. Alimwambia Pak Wiryatmo kwamba jeni ya kimeng'enya haimo kwenye kromosomu, imo kwenye kipete kidogo cha DNA kinachoelea pembeni. Kipete hichohicho ndicho kinachowakinga na dawa ya antibiotiki. Watilie dawa kidogo, watakishikilia. Waache wastarehe, watakitupa kama mzigo. Mzee alicheka kwa upole mbele ya watu wote. "Bakteria wangu hawahitaji dawa, binti yangu. Walishe vizuri tu." Basi tukawalisha, wakanenepa, wakakitupa.

"Mwambie sasa hivi," nikamwambia.

"Nimwaibishe mbele ya wageni? Yule ndiye aliyenilipia karo, Tutik."

"Basi nyamaza, ukauze tambi za nyama sokoni."

Hakucheka. Mlango ulifunguliwa, wageni wakaingia, na Pak Wiryatmo nyuma yao katika batiki mpya. Mezani palikuwa na tumpeng, mlima wa wali wa manjano uliozungukwa na kuku na mayai, maana kwetu chombo kipya hakiwashwi bila dua na wali. Dua ikasomwa. Mzee akainua chupa ya bakteria, akamtazama Laksmi kwa tabasamu lilelile.

"Bado wazuri?"

Watu wetu wakajibu kwa pamoja, "Wazuri, Pak." Niliuma ulimi. Mzee akafungua kizibo, akaelekea kwenye tangi.

Laksmi akamkatiza njia. Sahani nyeusi ilikuwa mkononi. "Si wazuri, Pak. Usimimine."

Bosi wa kiwanda akaweka glasi yake chini. Mzee aliitazama sahani, akaigeuza huku na huku akitafuta hata duara moja.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na kila wiki mnaniambia wazuri."

Laksmi akafungua friji, akatoa chupa nyingine na sahani yake. Duara nyeupe zilikuwa pana kama sarafu. "Hawa nimewakuza kwa dawa, kwa siri. Ulinikataza, nikakaidi. Nifukuze kwa hilo, Pak, lakini usimimine hao."

Nilidhani mzee atamfukuza kweli. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, nikamhurumia, na hasira zangu zote zikayeyuka. Aliiangalia chupa yake. Kisha akaipeleka kwenye ndoo ya klorini, akaimwaga yote, akawageukia wageni.

"Nilikosea mimi," akasema. "Binti huyu aliniambia zamani."

Akachukua chupa ya Laksmi, akaimimina ndani ya tangi. Mota ikaanza kunguruma. Wali ulikuwa umepoa, na kisu kilikuwa bado mezani, kwa kuwa kabla mkubwa hajakata hakuna anayekula. Mzee alikishika, kisha akasita. Safari hii hakutabasamu.

"Laksmi. Hawa ni wazuri?"

Watu wetu walishavuta pumzi ya kujibu. Laksmi akawatangulia.

"Sijui bado, Pak. Kesho nitamwaga iodini, kisha nitakuambia."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akakata kilele cha wali, fungu la mtu wa heshima, ambalo wote tulijua amewekewa bosi wa kiwanda, akakitia kwenye sahani, akampa Laksmi.