Kumtafuta Mchungaji Wretling

Nyumbani kwetu Vadsbro, jina la baba yake bibi Hedda halikutajwa. Mtoto akiuliza, anapewa viazi amenye. Mimi nilimenya vingi. Machache niliyoyajua niliyaokota huku na huku: kwamba aliitwa Jonas Wretling, kwamba alivuka bahari kutoka Småland, Uswidi, akiwa mchungaji kijana wa Kilutheri, na kwamba aliuhudumia usharika wetu huuhuu, hapa magharibi mwa Minnesota. Halafu mwaka wa ugonjwa wa dondakoo akamwacha mkewe na watoto, akaenda zake. Basi. Bibi Hedda alifariki mwaka 1955 bila kuongeza neno.

Siku tuliyomzika nilibaki nikiyatazama makaburi yetu. Mama yake bibi, Kristina, alikuwa pale. Kaka yake bibi, Axel, aliyekufa mdogo, alikuwa pale. Wote walikuwepo isipokuwa yule mmoja. Nikajiambia, mtu hafi akakosa pa kulala. Nitampata.

Nilimweleza Harlan, mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kujenga maghala ya nafaka. Alikuwa amelelewa na bibi zaidi kuliko mimi, na chuki ya bibi aliirithi nzima nzima kama mtu anavyorithi pua.

"Umtafute wa nini, dada?" akasema. "Aliyekutupa humpigii mbiu. Bibi alikuwa na sababu zake."

"Nitajie basi hizo sababu."

"Sizijui. Lakini za bibi zinanitosha."

Nikaenda kwa Verner Thorsell, mwenyekiti wa wazee wa usharika, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nje ya nyumba yetu ilinong'onwa, bila kutaja kosa, kwamba babu yake Verner ndiye aliyeongoza wazee kumfukuza Mchungaji Wretling. Nilimkuta zizini. Hakuacha kukamua.

"Elvera," akasema, "kuna kidonda kimefunga. Usikikwangue."

"Kikifunga na usaha ndani, hakijapona, Verner."

"Wewe umesomea uuguzi, hukusomea udaktari. Nenda kawapime watu presha."

Nikaenda kuwapima watu presha, maana ndiyo kazi yangu. Lakini kila nyumba niliyoingia niliuliza. Wazee wa Vadsbro walinipa kahawa, wakanipa samaki waliolowekwa magadi kwa desturi ya kwetu, wakanipa habari za mafua yao. Habari za Wretling hawakunipa.

Kila Juni wanawake wa sharika zetu hukutana, kutoka Minnesota na Dakota zote mbili. Wakati wa matangazo nilisimama nikauliza kama kuna aliyewahi kumsikia Mchungaji Jonas Wretling. Kimya. Mwaka uliofuata nikasimama tena. Kimya, na vicheko viwili vitatu. Mwaka wa tatu, nilipoinuka tu, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Haya, Elvera na mchungaji wake aliyepotea!"

"Jamani, mtafutieni huyu dada mume," mwingine akadakia, "aache kutafuta mababu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, lakini sikukaa. Nilingoja kicheko kiishe, kisha nikauliza swali langu lote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Baadaye, kwenye foleni ya kahawa, mwanamke mnene mwenye kofia ya bluu alinishika kiwiko. Akasema anaitwa Mildred, anatoka Elmdal, Dakota Kaskazini.

"Huyo Wretling wako alikuwa mrefu, mwenye kigugumizi kidogo?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyewahi kuniambia alikuwaje."

"Mama yangu, Bi Signe, alipata kipaimara kwake. Yuko hai, na akili yake inakata kuliko yangu. Ila usikawie. Ana themanini na kitu, na kufa hakumtishi."

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Harlan aliponisikia alikuna shingo, akasema atanipeleka kwa gari lake la mizigo. "Siji kwa ajili yake," akanionya. "Nakuja ili watu wasikulishe maneno matamu."

Bi Signe alitupokea jikoni kwake, akiwa amevaa aproni safi, na mikate ya iliki ilikuwa bado ina moto. Alimtazama Harlan kwa muda mrefu.

"Huyu ana mabega yake," akasema. "Kaa, baba. Mbona umenuna kama umekuja kung'olewa jino?"

"Nimekuja kusikiliza tu, bibi."

"Vizuri. Kama mmekuja kuambiwa alikuwa malaika, kunyweni kahawa mrudi. Alikuwa mgumu. Mahubiri yake marefu, na kigugumizi kiliyarefusha zaidi. Na kila Krismasi, ibada ya alfajiri, aliufungua mlango wa kanisa akauegemezea jiwe, ukabaki wazi ibada nzima. Baridi ya Dakota mnaijua. Watu miguu inakufa ganzi, wananung'unika. Yeye hataki kusikia. Hakusema sababu kwa mtu, ila kwa mama yangu, aliyekuwa akimpikia. Na mama aliniambia mimi."

Ndipo akatusimulia. Mwaka ule dondakoo lilipoingia Vadsbro, watoto walikuwa wakizibwa koo na utando, wanakufa katika muda wa siku chache. Mchungaji aliwasihi watu wasikusanyike. Hawakumsikia. Ilipofika alfajiri ya Krismasi, waumini waliposhuka kwenye magari yao ya theluji yanayokokotwa na farasi, mienge mikononi, walimkuta amesimama mbele ya kanisa, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni.

"Walimtukana," Bi Signe akasema. "Walisema, nani huyu anayemfungia Mungu nje? Yeye akajibu, na kigugumizi chake, 'Mungu haugui dondakoo. Rudini nyumbani.' Wazee hawakumsamehe."

"Na mkewe?" Harlan akauliza. "Na watoto aliowaacha?"

"Ngoja, baba. Naja huko. Hakuna aliyetaka kuingia nyumba zenye ugonjwa. Yeye aliingia. Alisafisha watoto koo, na waliokufa aliwaosha mwenyewe na kuwapigia majeneza. Kwa hiyo hakurudi kwake. Alilala kanisani, kwenye chumba cha sakristia, juu ya majoho, asije akawapelekea ugonjwa wanawe."

Mimi muuguzi nilielewa mara moja. Niliweka kikombe chini.

"Lakini ugonjwa hauombi ruhusa," bikizee akaendelea. "Ulimfikia Axel hata hivyo. Wakamwita mchungaji. Alikuwa ametoka kuosha maiti za watoto watatu kwa Thorsell. Akaja mpaka dirishani, akasimama kwenye theluji. Ndani kulikuwa na yule binti mdogo, mzima bado. Mkewe akagonga kioo, akamwambia, 'Jonas, ingia, mwanao anakuita.' Hakuingia. Alisimama pale mpaka mtoto akakata roho, na bado hakuingia."

Harlan alikuwa anaitazama sakafu.

"Binti alipona?" akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Hakuugua kabisa. Ila mama yake hakumpokea mume tena. Kufika majira ya machipuko wazee wakamfukuza, akaja huku. Alipopata nyumba alirudi kuwachukua. Safari nzima ile! Kufika, yule binti alitoka hadi getini, nywele kasuka mikia miwili, akamwambia, 'Mama amesema hatuna baba.' Yeye akamwuliza, 'Na wewe wasemaje, Hedda?' Mtoto akafunga geti. Mchungaji akageuza farasi. Alimwambia mama yangu kwamba mtoto hakukosea, alisema alichotumwa."

Nilimkumbuka bibi Hedda jikoni mwetu, akitusukumia lile beseni la viazi, mdomo kaubana. Kumbe miaka yote hakuwa na hasira tu; alikuwa na lile geti alilolifunga. Harlan aliinuka, akaenda kusimama nje karibu na gari lake, na mimi nilimwacha.

Aliporudi alikuwa na swali moja: "Amelala wapi?"

Kanisa la Elmdal lilikuwa limefungwa zamani na mbao zake kuuzwa. Makaburi yalibaki katikati ya ngano. Bi Signe alituelekeza kwa fimbo akiwa ndani ya gari. Tuliona mawe mengi yamesimama, na moja limelala kifudifudi, nusu limemezwa na udongo.

"Ndilo hilo," akasema. "Lilianguka na barafu, na sisi tuliobaki hatuna nguvu."

Nililishika nikavuta. Halikutikisika. Harlan alikwenda garini. Alileta jeki ya gari na vipande vya mbao, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Jumapili, akaanza kuliinua. Linapanda kidogo, mimi nasukumia ubao. Linapanda tena, nasukumia mwingine. Mara mbili jeki iliteleza, mara mbili akaanza upya. Jua lilikuwa kichwani tulipolipindua.

Nililisugua kwa aproni ya Bi Signe. Lilikuwa limeandikwa Kiswidi: Jonas Wretling, Mchungaji, kutoka Småland. Chini yake, kwa herufi ndogo: Baba wa Axel na Hedda.

"Aliagiza yeye mwenyewe," Bi Signe akasema. "Wachongaji walimwuliza hao ni nani, akawaambia, 'Chongeni tu.'"

Harlan alikaa chini kwenye nyasi akalia kama mtoto. Tulilazimika kuliacha jiwe limelala chali, kwa sababu halikuwa na msingi. Nikaapa kwamba litasimama.

Niliporudi Vadsbro nilikwenda moja kwa moja kwa Verner. Alikuwa chini ya trekta akigonga nyundo, miguu tu imetokeza. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mlango, sakristia, dirisha, jiwe lililolala, na wale watoto watatu wa nyumba yao waliooshwa na mtu aliyefukuzwa na babu yake Verner. Nilitegemea matusi. Nyundo ikanyamaza.

"Watoto walikuwa wanne," sauti ikatoka chini ya trekta.

"Nani kakwambia?"

Akajiburuta akatoka, uso una grisi. Hakunitazama. "Wa nne alipona. Ndiye baba yangu. Aliniambia kuna mtu mrefu alimtia unyoya kooni, akauvuta ule utando, akamshika mpaka akapumua. Mikono ya baridi, alisema. Nilimwuliza ni nani. Akaniambia nisiulize mbele ya babu."

"Na ulijua ni yeye?"

"Nilihisi, Elvera. Kuhisi na kusema ni mambo mawili. Babu alikuwa hai, halafu alipokufa tayari nilikuwa nimezoea kunyamaza." Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hilo jiwe lina uzito gani?"

Juni iliyofuata sikwenda kwenye mkutano wa wanawake. Tulikwenda Elmdal na magari mawili. Harlan alichanganya zege, Verner akashika pimamaji, Mildred akaleta chakula cha kulisha kijiji. Bi Signe aliketi kwenye kiti katikati ya ngano akitoa amri.

"Limeinama kushoto, Thorsell! Huoni?"

"Pimamaji inasema liko sawa, bibi."

"Pimamaji haijawahi kumwona mchungaji. Sogeza!"

Verner alisogeza. Zege liliposhika, alivua kofia, akaniuliza mimi, si mwingine, kama anaweza kusema sala ya Baba Yetu. Nikamwambia aseme. Aliianza kwa Kiswidi, kile cha wazee wetu, akakwama kwenye "utusamehe". Harlan akampokea pale alipokwama, wakaimaliza pamoja.