Siku Tisa za Kusubiri Damu ya Mama

Mimi sina subira, na Daktari Marwa alilijua hilo siku ya kwanza. Mama yangu, Nyamizi, alikuwa ameteleza nyumbani Samuye akitoka kukamua ng'ombe, nyonga ikavunjika. Nikafunga mgahawa wangu wa wachimbaji wa dhahabu Bugarama, nikafika wodini hata salamu sikutoa.

"Mnampasua lini?"

"Mama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda," daktari akasema. "Damu yake ni nyepesi mno. Nikimpasua leo, haitasimama. Tumeisitisha dawa, na tumemchoma sindano ya kuirudisha damu kwenye uzito wake. Siku mbili hivi anaingia. Asizidi hapo, maana mzee akilala sana na nyonga iliyovunjika, mapafu yanajaa."

Nikamkabidhi nesi Paskazia kopo la vidonge vya mama. Ile dawa ilikuwa kazi yangu. Tangu mama apate kiharusi kidogo mwaka juzi, kila jioni nilimpigia simu: umemeza? Siku aliyosahau nilimfokea mpaka akalia, mtu mzima, mama yangu mzazi. Nikamwambia akiruka tena asinitafute.

Siku ya tatu wakampima damu. Bado nyepesi. Siku ya nne, bado. Waliolazwa baada yake wakapasuliwa, wakaanza kusimamia magongo. Yeye mguu umefungiwa uzito, na kila akigeuzwa alilia "mayu, mayu," akimwita mama yake aliyekufa zamani. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma huwa natafuta wa kumrarua. Siku ya tano nikamwuliza daktari, mbele za watu, kama alisomea binadamu au ng'ombe.

Hakukasirika. "Mama Hosiana, hii damu ilitakiwa iwe imesharudi," akaniambia. "Kuna kitu sikielewi."

Siku ya saba Paskazia alikuwa anamwogesha mama, mimi nimeshika beseni. Akalifungua fundo la kanga lililokuwa likimchoma mgonjwa ubavuni. Ndani mlikuwa na vidonge vilevile vya damu, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Zahanati ya kwetu dawa huweza kuisha mwezi mzima, basi zikipatikana mama huomba za ziada, anabana akiba.

Nikamwuliza kwa Kisukuma kama alikuwa anavimeza.

"Kila jioni," akanijibu, na nikaona anajivunia. "Hawa walisahau kunipa, nikaona nisikusumbue. Sijaruka hata siku moja, mwanangu."

Daktari aliniambia mimi. Nesi aliniambia mimi. Siku zote hizo tuliongea Kiswahili, asichokielewa, juu ya kitanda chake, habari za damu yake, na mimi niliyenyonyeshwa kwa Kisukuma sikuona haja ya kumweleza mgonjwa kitu. Mgonjwa kwetu analishwa, anageuzwa, anaambiwa atapona. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakaanza upya, sindano na kusubiri. Siku ya tisa asubuhi majibu yakaja mazuri, damu imerudi. Lakini tangu jana yake kifua kilikuwa kinakoroma na homa imepanda, na mtaalamu wa dawa ya usingizi akasema hawezi kumlaza usingizi katika hali ile. Mchana mama akakata roho nimemshika mkono.

Msibani kaka yangu Maganga alisimama mbele ya waombolezaji, macho mekundu. Alisema mama hakuuawa na nyonga, ameuawa na daktari mzembe aliyemwacha kitandani siku tisa, na kwamba wakimaliza kuzika yeye na vijana wa ukoo watakwenda kumtafuta. Watu wakaguna kukubali. Halafu akanigeukia.

"Mama Hosiana, wewe ndiye uliyekuwepo. Waambie."

Wachimbaji wenye vifua vipana huuogopa mdomo wangu. Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri, nikawatazama wote.

"Ni kweli," nikasema. "Siku tisa hakumpasua."

Nikakaa.