Gurudumu Lenye Pasi

Kufika saa tano asubuhi miguu ilikuwa imeshaanza kumjaa. Hakuzoea kazi ya kusimama. Kwa miaka kumi na saba alikuwa kwenye kaunta ya glasi na sahani, nyuma kabisa ya duka la vyombo vya nyumbani, na huko alikuwa na kiti. Alikuwa pia na desturi moja ambayo hakuna aliyemfundisha: kila glasi aliyouza aliigonga kwa ukucha kabla ya kuifunga kwenye gazeti, akaisikiliza. Iliyotoa sauti butu aliirudisha rafuni na kumwambia mteja bila kuzunguka, hii ina ufa, chukua ile. Wateja wakamwita Mama Glasi. Mtaani ikawa kauli kwamba kama Mama Glasi kasema kizima, basi ni kizima. Pale kazini hakuwa na mali nyingine ya kujivunia.

Meneja mpya ndiye aliyemtoa kwenye kiti. Alikuwa mkwe wa mwenye duka, kijana mwenye adabu aliyependa idadi ya watu kuliko watu wenyewe. Wafanyakazi walimbandika jina la Takwimu, naye aliposikia alidhani ni sifa. Alikuwa amegundua kwamba wateja wanaingia, wananunua ndoo, wanaondoka, na hakuna kinachowarudisha. Dawa yake ikawa gurudumu la bahati: mduara wa mbao wenye urefu wa mtu mfupi, uliosimamishwa mlangoni juu ya fremu ya chuma, umegawanywa vipande vinane vya rangi, na mshale umepigiliwa juu. Anayenunua kiasi fulani anaandika namba yake ya simu kwenye daftari, anazungusha mara moja, anachukua zawadi ambayo mshale utaionyesha. Mkono mtupu haulambwi, Takwimu aliwaambia wafanyakazi kikaoni, na Mama Glasi akawaza kimoyomoyo kwamba wahenga hao hao walisema pia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alichaguliwa yeye kulisimamia kwa sababu watu walimwamini, na hilo Takwimu alilitamka wazi, kama mtu anayechagua msumari wa urefu unaofaa.

Mchora mabango alichora zawadi zote nane, lakini pasi ya umeme, iliyokuwa zawadi kubwa, ilimtoka kama kiatu. Siku ya kwanza watu watatu waliuliza kiatu hicho ni namba ngapi. Takwimu hakutaka kulipa mchoro wa pili. Aliagiza zawadi zenyewe zifungwe kwa waya juu ya picha zake, ili hata asiyejua kusoma aone anachogombea. Zikafungwa: pasi, sufuria yenye kifuniko, mche wa sabuni, kikombe cha plastiki, kalamu, kitambaa cha jikoni, kibao cha kukatia mboga, na sponji ya kuoshea vyombo. Sponji ilikaa upande unaotazamana na pasi, ng'ambo ya mduara. Gurudumu likapendeza. Watu walisimama barabarani kulitazama.

Wiki ya kwanza lilikuwa gumu, likizunguka kwa mlio kama wa geti lenye kutu, na lilisimama lilipotaka. Mwalimu mmoja alipata pasi. Sufuria zilitoka mbili. Lakini ule mlio ulikuwa unamwingia Mama Glasi kichwani, na Jumatatu ya wiki ya pili alikuja na kopo la grisi alilopewa na mumewe, fundi baiskeli, akaipaka beringi mpaka gurudumu likazunguka kimya, laini, kwa muda mrefu. Takwimu alimsifu mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo pasi haikutoka tena.

Hakuliona hilo mara moja. Mtu aliyechoka huona kilichopo mbele yake tu, na mbele yake kulikuwa na foleni. Kila mteja alipaswa kuambiwa maneno aliyoyaandika Takwimu, kwamba bahati iko mikononi mwake, na alipopata sponji aambiwe asikate tamaa, arudi kesho. Mama Glasi aliyasema hayo mara mia kwa siku, kwa sauti ile ile, huku akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule.

Aliyemzindua ni dobi wa mtaa wa nyuma. Pasi yake iliungua mwezi uliopita, na sasa alikuwa anaazima ya jirani kila alfajiri, akiirudisha kabla jirani hajaamka vizuri akabadili mawazo. Zamani alinunua sabuni ya unga kwa gunia, kwenye ghala la jumla upande wa pili wa mji. Tangu gurudumu lianze alikuwa akinunua paketi ndogo ndogo hapa, kwa bei ya juu, ili azungushe. Siku hiyo, Alhamisi, alizungusha, na mshale ukasimama kwenye sponji.

"Dada," alisema, akiipokea kwa mikono miwili kama cheti, "hii ni ya kumi na moja. Nikipata nne zaidi nashona godoro."

Foleni ilicheka. Mama Glasi naye alicheka, kisha akamwambia nusu utani kwamba afadhali arudi kwenye magunia yake, maana bahati haina ndugu.

"Ningesharudi zamani," dobi alisema. Hakuwa anacheka tena. "Angekuwa mwingine ameshika hilo gurudumu ningesema tunachezewa. Lakini ni wewe."

Jioni Mama Glasi aliifikisha hesabu hiyo nyumbani. Mumewe alikuwa bado kwenye kibanda chake mbele ya nyumba, anaziba pancha. Alimsimulia huku akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi: kumi na moja kwa mtu mmoja, na wengine je? Alikuwa amejaribu kukumbuka, na alichokumbuka kilikuwa sponji, kitambaa, kalamu, sponji.

Mumewe alichukua baiskeli iliyokuwa imekamilika, akaipindua miguu juu, akazungusha gurudumu la mbele. Lilizunguka kwa muda mrefu, likapunguza mwendo, likayumba kidogo huku na huko, likatulia. Kile kichuma cha kujazia upepo kilikuwa chini kabisa. Alizungusha tena. Kikarudi chini. Mara ya tatu alimwachia mkewe azungushe mwenyewe, kwa nguvu zake zote, na kichuma kikarudi pale pale.

"Kizito kinatafuta ardhi," fundi alisema. "Likiwa na kutu halina hiari, linasimama popote. Ukilipaka grisi linafuata uzito. Sasa niambie, mama watoto, pasi mmeifunga wapi?"

Mama Glasi aliuchora mduara kichwani. Pasi ilikuwa inashuka chini, na sponji, iliyotazamana nayo, inapanda juu kwenye mshale. Hakuna mtu aliyekusudia. Mchora mabango alishindwa kuchora pasi, meneja alibana matumizi, na yeye mwenyewe alitaka kichwa chake kipumzike. Hilo lilimfariji kwa muda wa chakula cha jioni.

Ijumaa alifika kabla duka halijafunguliwa, akaenda moja kwa moja ofisini. Takwimu alimsikiliza vizuri. Alitoka naye, akazungusha gurudumu mara nne mfululizo, akaona mwenyewe sponji, sponji, kalamu, sponji. Aliguna kwa mshangao wa kweli. Mama Glasi alieleza kwamba kazi yenyewe ni ya dakika kumi: vitu vifunguliwe, vipangwe mezani, mduara ubaki mtupu.

Takwimu alitazama daftari la namba za simu. Wanaoingia dukani, alieleza, walikuwa wameongezeka mara tatu, na pasi zilizotoka ni moja. Kila Jumamosi baba mkwe wake alikuja na kalamu nyekundu kukagua hesabu, na Jumamosi hii ingekuwa ya kwanza kwake kukaa mbele yake bila kutoka jasho. Aliyasema haya bila majivuno. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mama Glasi aliona kwamba kijana huyu naye hapati usingizi.

"Mimi sikulitengeneza liwe hivi, mama," alisema. "Limekuwa lenyewe."

"Lakini sasa unajua."

"Na wewe unajua. Wawili tunatosha." Akalifunga daftari. "Isitoshe, grisi ni yako."

Alirudi ofisini, na milango ikafunguliwa.

Mama Glasi alisimama mahali pake. Alikuwa na umri ambao watu hawabadilishi tena kazi, na alilijua hilo kama anavyojua namba ya nyumba yake. Alijiambia kwamba sponji ni kitu, hakuna aliyetoka mikono mitupu, na kwamba duniani kuna dhuluma zenye uzito kuliko kilo moja na robo ya pasi. Hoja hizo zote zilikuwa za kweli. Aliwahudumia watu sita. Kwa kila mmoja alisema bahati iko mikononi mwako, na mara ya sita ulimi ulikuwa mzito hadi mteja akamuuliza kama anaumwa.

Wa saba alikuwa dobi, na paketi yake ya sabuni kwapani. Aliandika namba yake, ingawa ilikuwa imeshaandikwa kwenye daftari hilo zaidi ya mara kumi na moja, akakunja mkono wa shati. Alikuwa akisubiri maneno. Hayakuja.

"Ngoja kwanza, kaka," Mama Glasi alisema.

Alitoa koleo kwenye mfuko wa aproni. Aliichukua asubuhi kwenye boksi la mumewe bila kuaga, na njia nzima alikuwa amejidanganya kwamba hana kazi nayo. Akakata waya wa pasi. Akakata wa sufuria, kisha wa sabuni, akaendelea hadi kalamu, akivipanga mezani kimoja kimoja, huku foleni ikimtazama na dobi akiwa bado amekunja mkono wa shati. Pale ilipokuwa pasi kile kiatu kilichochorwa kikatokea tena.

Mwanamke mwenye mwavuli, wa pili kwenye foleni, aliuliza kuna nini. Mama Glasi alieleza kwa sauti aliyoitumia miaka yote kuonyesha ufa kwenye glasi. Hakuipandisha. Vitu vizito vilikuwa upande mmoja, gurudumu lilikuwa linafuata uzito, na aliyekuwa anapata sponji alikuwa anapata kilichokuwa kimeshaamuliwa kabla hajagusa.

"Kwa hiyo siku zote hizi tulikuwa tunazungusha nini?" mwanamke aliuliza.

"Tangu nilipolitia grisi, mlikuwa mnazungusha uzito wa pasi. Nilijua jana jioni. Na leo asubuhi nimewapa watu sita sponji nikiwa najua."

Mzee mmoja aliyekuwa mwishoni aliweka ndoo yake chini na kuondoka bila neno. Msichana mmoja naye akamfuata, akinung'unika kwamba hata huyu mama, hata huyu. Mama Glasi aliyasikia maneno hayo na hakuyajibu, kwa sababu hayakuwa na kosa.

Alizungusha gurudumu mwenyewe mara tatu mbele ya waliobaki. Lilisimama kwenye kitambaa, kwenye sufuria, kwenye sabuni. Kisha akasogea pembeni.

Dobi alizungusha. Mduara ulienda kimya, rangi zikachanganyika, zikaanza kutengana. Kile kiatu kilipita chini ya mshale polepole sana, kiasi kwamba mwanamke mwenye mwavuli alivuta pumzi. Kikapita. Gurudumu likasimama kwenye kikombe cha plastiki, cha kijani.

Dobi alikigeuza kikombe mkononi, akakitazama chini kana kwamba kuna maandishi.

"Haya," alisema. "Leo nimekosa mwenyewe." Akachukua sabuni yake. Kwamba angerudi hakusema, na kwamba hatarudi pia hakusema. Alimpa Mama Glasi mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka.

Takwimu alikuwa ameshatoka ofisini. Alisimama nyuma ya meza, akatazama nyaya zilizokatwa, kisha foleni, midomo ikichezacheza, na Mama Glasi alijua anahesabu.

"Wangapi wameondoka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wawili."

"Waliobaki ni tisa." Mbele ya wateja tisa hakuwa na la kufanya, na wote wawili walilijua hilo. "Kesho usije hapa mlangoni. Njoo ofisini kwanza. Baba mkwe atakuwepo."

"Nimesikia."

"Utamwambia mwenyewe uliyoyasema hapa?"

"Kama yalivyo."

Alionekana kutaka kuuliza jambo jingine, huenda jambo linalomhusu yeye mwenyewe, huenda kama jina lake litatajwa. Alirudi ofisini na kuufunga mlango taratibu, na kupitia kioo akaonekana amekaa mbele ya daftari bila kulifungua.

Mama Glasi aliegemea fremu ya chuma kwa muda wa pumzi mbili. Kesho aliiona waziwazi, kiti ambacho hatapewa na kalamu nyekundu, na hakuwa na nguvu za kuiogopa kuliko hivyo. Yule mwanamke alikuwa ameshafunga mwavuli wake na kusogea mbele. Hadi duka lifungwe zilibaki saa saba, na hapakuwa na mwingine wa kusimama pale. Alimsogezea daftari, akamwambia azungushe.