Isipokuwa Haki ya Bima

Wiki nzima Nawfa alikuwa akimfundisha mumewe maneno manne. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, hata mtoto wa chekechea angeyashika: isipokuwa haki ya bima. Wakili Ghassan alimsomea kwenye simu polepole, kama anayemsomea mtu maelezo ya dawa. Mumewe awasamehe watu wa dereva aliyemgonga binti yao atakavyo, alisema. Amwondolee kijana kifungo, awakumbatie, awachinjie kondoo akitaka. Lakini aseme mbele ya mashahidi kwamba madai ya binti yake kwa kampuni ya bima yamebaki palepale. Asiposema, na karatasi ya suluhu ikaandikwa bila maneno hayo na binti akaitia sahihi, kesi ya fidia iliyoko mahakamani Karak imekufa, na yeye wakili hana uwezo wa kuifufua.

Nawfa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtaa wa chini alikuwako Sabha, ambaye mumewe alivunjwa nyonga na lori la mawe. Mume huyo alisamehe kila kitu kwa mkupuo mmoja, watu wakamsifu msikiti mzima. Siku ya kesi wakili wa bima aliinua ile karatasi, hakimu akaisoma, na shauri likaishia hapo. Sasa mume yuko kitandani, Sabha anauza kachumbari za chupa barabarani, na wale waliomsifu wakipita na magari yao hupandisha vioo.

Shuruq, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa. Kijana mmoja, Qutaiba, alimgonga na pikapu mbele ya tanuri la mikate huku akiangalia simu. Uti wa mgongo ulipata ufa. Daktari wa Amman alisema miguu inaweza kurudi kwa upasuaji na mazoezi marefu, ila upasuaji huo haufanyiki kwa dua peke yake. Pensheni ya mumewe, sajini mstaafu, ilikuwa inatosha unga, gesi na sigara za sajini mwenyewe. Hiyo fidia ndiyo iliyokuwa miguu ya Shuruq, na Nawfa hakuwa na jina jingine la kuiita.

"Hebu sema nisikie," alimwambia mumewe asubuhi ya Ijumaa, akimfunga vifungo vya kanzu.

"Mama Shuruq, mimi nimekariri amri za jeshi ndefu kuliko barabara ya Aqaba. Maneno manne yatanishinda?"

"Sema."

"Isipokuwa haki ya bima. Umeridhika, bibi hakimu?"

Hakuridhika. Alimjua Mifleh wake. Alikuwa mtu mwema, mwema wa kutia hasira, anayeweza kumpa mgeni godoro lake akalala sakafuni na kesho akaumwa kiuno kwa furaha. Na hakuna kilichomlevya kama kuambiwa yeye ni mtoto wa ukoo wa heshima. Ukimtajia babu yake, basi umemchukua.

Baada ya swala ya alasiri magari yakaanza kuingia. Yalijaa kichochoro, yakajaa uwanja wa shule, na bado mengine yakawa yanakuja. Ujumbe wa suluhu ulikuja na wanaume karibu mia, majoho meusi na vilemba vyekundu, wakaingia kwa utaratibu katika hema lililopigwa uani. Mbele yao alikuwa Sheikh Hayil, mzee wa sauti laini aliyemaliza magomvi ya damu tangu Nawfa hajaolewa. Qutaiba alikaa nyuma kabisa, kichwa chini, amenyolewa kama anayekwenda kuzikwa.

Dirisha la jikoni lilitazama hema. Nawfa alisimama hapo na dele la kahawa mkononi, iliki ikimpanda puani. Aliogopa. Hata siku ile walipomletea habari kutoka tanurini hakuogopa hivi, kwa sababu siku ile jambo lilikuwa limekwisha kutokea, na hili la leo lilikuwa bado linakuja, linatembea taratibu na majoho yake.

Kahawa ilimiminwa. Sheikh Hayil akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake bila kuionja, na wanaume wote wakaziweka zao chini. Hakuna asiyejua maana yake: wana haja, na hawanywi mpaka wapewe. Akaanza kusema. Alimtaja Mungu, akamtaja Mtume, akamtaja kijana aliyekosa bila kukusudia na mama yake asiyelala. Kisha, Nawfa akafumba macho, akamtaja babu yake Mifleh, aliyewahi kumsamehe muuaji wa ndugu yake na kumpandisha juu ya farasi wake mwenyewe.

"Sisi tumekuja nyumba ile ile," alisema sheikh, "na tunajua mlango wake haujabadilika."

Mifleh akasimama. Kutoka dirishani Nawfa aliona shingo yake imenyooka kijeshi na sikio moja limekuwa jekundu.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Kijana nimemsamehe. Nimesamehe kwa ajili ya Mungu, na kwa ajili ya Mtume wake, na kwa ajili ya nyuso zenu zilizoingia kwangu."

Nawfa alisubiri. Midomo yake mwenyewe ilikuwa inayasema yale maneno manne bila sauti. Mifleh alibaki amesimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa, akatazama nyuso zile mia. Akafunga kinywa, akakaa.

Finjani zikainuliwa kwa pamoja. Hema likajaa dua na baraka, Mungu akuongezee, Mungu aipe nyumba hii nuru, na mwalimu mmoja mwenye mwandiko mzuri akaanza kuandika karatasi ya suluhu juu ya goti lake, kama alivyosikia, bila kupunguza wala kuongeza. Nawfa aliliweka dele chini. Alimwona Sabha na chupa zake barabarani, kisha akajiona yeye.

Karatasi ilisainiwa na wazee. Ilibaki sahihi ya Shuruq, maana ni mtu mzima na haki ni yake. Mifleh akaichukua pamoja na kalamu, akaingia nayo ndani.

Nawfa alimkuta mlangoni mwa chumba cha binti yao, akaziba njia kwa mwili wake.

"Umesahau," alimwambia. Alitaka jibu liwe ndiyo. Mtu aliyesahau hukumbushwa.

Mifleh hakumtazama. "Sikusahau."

"Sasa?"

"Niliona aibu, mama Shuruq. Wameniwekea babu yangu pale mbele, halafu mimi nianze habari za bima? Wangesema Mifleh anauza mgongo wa mwanawe. Neno lilifika hapa," aligusa koo, "likakataa."

Alikuwa amekunja ile karatasi mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama hirizi. Nawfa alitaka kumpiga, na alitaka kumshika asianguke, na hakufanya lolote kati ya hayo. Kule nje wanaume mia walikuwa wakisubiri sahihi moja, na akirudi bila sahihi, jina lake litazungumzwa kutoka Karak mpaka Tafila kuwa ni mtu aliyetoa neno kisha akalirudisha. Nawfa alilijua hilo pia, nalo pia lilimtisha. Mwanamume huyu akivunjiwa jina lake, hatabaki na kitu cha kumvusha uzee.

"Mwache aingie, mama," Shuruq alisema kutoka kitandani.

Akaingia. Shuruq alikuwa amelala ubavu, mto katikati ya magoti, vile walivyofundishwa hospitali ili ngozi isioze. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa chumba ulikuwa umepakana na hema. Alimtazama baba yake akikunjua karatasi, na hakukuwa na hasira usoni mwake, jambo lililomwogopesha Nawfa kuliko kilio. Alijua binti yake angetia sahihi. Angetia kwa kumwonea baba huruma.

"Ni wengi, baba?" aliuliza Shuruq.

"Wengi, mwanangu. Hema limejaa."

"Wataondoka saa ngapi?"

"Wakishakula."

"Wote?"

Mifleh alianza kuikunja karatasi tena.

"Basi wakishaondoka," Shuruq alisema, "wewe na mama mtaendelea kunigeuza. Na mkizeeka, baba, nimwite nani kati ya wale anigeuze? Nitajie mmoja tu, nitie sahihi."

Alinyoosha mkono kuipokea kalamu. Mkono ulibaki hewani, mwembamba, bangili imetelemka mpaka kwenye kiwiko. Mifleh aliutazama. Kisha akageuka, akatoka na karatasi pamoja na kalamu yake, na Nawfa hakujua anakwenda kufanya nini. Alikimbilia dirishani, goti likagonga meza, hakulihisi.

Mumewe alisimama mlangoni mwa hema. Mazungumzo yakapungua, yakaisha. Nyuso mia zikamgeukia tena. Akafungua kinywa, na Nawfa akaliona lile lile likitokea, neno likipanda kooni na kukwama, mabega yakianza kushuka.

"Isipokuwa haki ya bima," Nawfa akasema.

Alisema kwa sauti, kupitia dirishani, sauti ya mwanamke katika baraza la wanaume. Kuna mtu aliweka finjani chini, na mlio wake mdogo ukamwingia mifupani. Alijua ameharibu. Amemvua mumewe nguo mbele ya ukoo mzima, na kama Mifleh angemkana pale pale, hakuna ambaye angemlaumu.

Mifleh alishusha pumzi. "Huyo ni mama wa binti," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Alilosema ndilo nililoona aibu kulisema. Kijana nimemsamehe, neno hilo silirudishi. Lakini mwanangu anataka kutembea."

Sheikh Hayil akanyoosha mkono aletewe karatasi, akamkabidhi yule mwalimu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuongeza.

"Andika haki ya binti kwa bima iko palepale," alimwambia. Halafu akamgeukia Mifleh, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, kulikuwa na mshangao tu. "Mwanangu, kila suluhu ninayoisimamia watu hulisema hilo. Nilikungoja useme. Uliponyamaza nikadhani una lako. Kwani katika sisi hapa, nani angekukatalia?"

Mifleh aliwatazama wanaume wale, safu kwa safu, kutoka kwa sheikh mpaka kwa Qutaiba aliyekuwa analia kule nyuma, akimtafuta wa kumtaja, mmoja tu ambaye angemkatalia. Aliwatazama mpaka wa mwisho, na hakumpata.