Majina Arobaini na Moja Mstari Mmoja

Siku ya elfu moja tangu tumzike mke wangu, Rofi'ah, iliangukia Alhamisi. Kwa desturi yetu, wageni mia na ishirini walikuwa waje baada ya magharibi kumsomea Yasini. Kila mgeni hupewa kitabu chenye picha ya marehemu, na ukurasa wa mwisho huwa na majina ya wafu wengine wa familia wa kuombewa. Mimi ni mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji hapa mjini Kediri, mwaka wa kumi na tisa sasa. Vitabu vya wafu wa watu nimekata visivyo na idadi.

Saa nne asubuhi nikafungua nakala ya majaribio ya cha kwangu. Kwenye jalada: Rofi&#39;ah. Ukurasa wa mwisho: majina arobaini na moja yamebanana mstari mmoja. Sisi huku wengi tuna jina moja tu. Wagiyem ni Wagiyem, basi. Ukiondoa mistari, nani ajue mtu anaishia wapi?

Nikamkimbilia Mbak Ningrum, dada yetu fundi wa programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa.

"Ile alama ya katikati ya jina, Pak Marjuki, programu inaiogopa, inaivalisha nguo ya msimbo," akasema. "Sasa inaivalisha mara mbili. Hilo ni la nusu saa."

"Na mistari?"

Akakuna kichwa. "Imeimeza, Pak, halafu ikahifadhi juu ya faili la zamani. Naweza kuizuia isimeze tena. Kuitapisha siwezi."

Majina yale Rofi'ah aliyataja mwenyewe kitandani, akimwandikisha Sunaryo, mpangaji wetu wa herufi. Sunaryo alifukuzwa ili programu hii inunuliwe, na hakuna ajuaye aliko sasa. Aliyemfukuza, bosi Hartadi, akaja kuchungulia.

"Weka mkato kila baada ya maneno mawili, Marjuki. Mashine inasubiri."

"Mawili mawili? Bosi, umemwoza bibi yake mke wangu kwa shemeji yake!"

"Mungu anawajua watu wake."

"Anawajua. Wewe ndiye huwajui."

Ningrum akainamia meza, mabega yanamtikisika. Sikucheka. Tukaanza kutenganisha, mimi nataja, yeye anabonyeza. Upande wangu ulikwisha upesi. Upande wa Rofi'ah nikawa nasoma kila jina mara mbili. Thelathini na saba, thelathini na nane, kisha: Sulastri Ngatini.

"Mmoja au wawili?" Ningrum akauliza.

"Sijui. Shangazi wa Rofi'ah, ndilo nijualo."

"Hesabu basi, Pak. Si arobaini na moja?"

"Arobaini na moja ni maneno. Watu sikuwahi kuwahesabu."

"Hakuna wa kumpigia simu?"

Wote ambao wangenijibu wamo humohumo kwenye orodha. Miaka thelathini na moja nililala ubavuni mwa mwanamke yule, na sikumwuliza shangazi zake ni wangapi. Adhuhuri ikaadhiniwa. Hartadi akapiga kelele kwamba akihesabu hadi kumi anawasha mashine, na akaiwasha. Majina yale mawili yakatoka yamekaa mstari mmoja.

Jioni watu walijaa mikekani. Mzee Kasturi, msoma dua, alipofika hapo akainua macho.

"Huyu ni mmoja au wawili?"

"Msome mmoja. Kisha wasome wawili."

"Na kama ni mmoja?"

"Basi atapata dua ya ziada, mzee. Ninayemwogopa ni wa kukosa."

Akasoma mara mbili. Hartadi, mkeka wa mbele, boksi la wali limeshafika mapajani, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.