Maji ya Chini ya Kanda

Chumvi ya Mwanahalima wa Mbuchi ilipelekwa kupimwa mara mbili, na mara zote mbili karatasi ya maabara ya serikali ilirudi kutoka Dar es Salaam na neno lilelile mbele ya madini joto: hakuna.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limebaki kuta na popo, na kila mtu anauza alichonacho. Mwanahalima alikuwa na chumvi. Nyuma ya mikoko, pale penye jangwa lisiloota hata jani, alichimba vijaruba vyake, akaingiza maji ya bahari wakati wa bamvua, jua likamfanyia kazi. Kisha ikaja amri kwamba chumvi yote inyunyiziwe dawa ya madini joto, ili watu wa milimani huko bara wasiote rovu shingoni. Bwana afya Muhidini akamletea chupa ya dawa na bomba la kubeba mgongoni, akamwonyesha kipimo. Naye akanyunyiza kipimo hichohicho, tone halikuzidi wala halikupungua.

Sasa dawa imekwenda wapi?

Watu walikuwa na jibu lao. Ilisemwa kaiuza Ruaruke, kwa mganga wa macho. Biasha, jirani yake, akamuuliza kisimani kama na yeye anaweza kupata kichupa kimoja, kwa bei ya ujirani. Mwanahalima alicheka, lakini ndoo ilimwagika njia nzima. Muhidini naye hakumwita mwizi. Alimwambia tu kwamba mkemia mwenyewe anakuja Kibiti na vyombo vyake, kupima chumvi ya delta yote, na kwamba karatasi ya tatu ikisema hakuna, kibali kinafutwa na jangwa anapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo safari hii Mwanahalima hakukubali chumvi yake ibebwe na mtu. Alinyunyiza, akajaza kanda la kusukwa kwa miyaa, akalining'iniza siku tatu kama alivyofundishwa na mama yake, na siku ya nne akapanda nalo mtumbwi, kisha lori. Kanda lilikuwa bado linadondoka kidogo. Utingo alipoanza kunung'unika kwamba litaozesha mbao za gari, Mwanahalima akaliweka ndani ya sufuria, akalikumbatia hadi Kibiti.

Mkemia alikuwa mwanamke. Rukaiya jina lake, kijana, koti jeupe, mkono mmoja una madoa ya kahawia kama aliyemenya ndizi mbichi. Chumba cha zahanati alichopewa kilikuwa na meza moja, na juu ya meza vyombo vya kioo: chupa zenye shingo nyembamba, na bomba refu la kioo lenye bilula chini, limesimamishwa kwenye chuma.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hilo refu linafanya nini?"

Muhidini alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha, lakini Rukaiya alifurahi kuulizwa. Alieleza huku mikono inafanya kazi. Chumvi inayeyushwa kwenye maji safi. Inatiwa dawa mbili. Ikiwa na madini joto, maji yanageuka manjano. Kisha unatia maji ya wanga, nayo yanakuwa buluu. Hapo ndipo lile bomba linapoachia tone moja moja mpaka rangi ipotee, na matone yaliyotumika ndiyo yanayosema madini ni mengi kiasi gani.

"Wanga huu tunaopigia kanzu pasi?" aliuliza Mwanahalima.

"Huohuo."

Jambo hilo lilimpendeza mno, kwamba wanga wa kanzu unajua siri ya chumvi.

Rukaiya akachota kijiko kutoka katikati ya kanda, akapima kwenye mizani ndogo, akayeyusha, akatia dawa. Watatu wakainamia chupa. Maji yalibaki maji. Akatia wanga. Yakabaki maji.

Muhidini alishusha pumzi, akafungua daftari lake. Mwanahalima aliona kalamu inatafuta jina lake, inaanza neno mbele yake, akajua jangwa linaondoka pale pale, mbele ya macho yake.

"Kitendawili," alisema.

Muhidini akamwambia huu si wakati wake. Lakini Rukaiya, labda kwa kuwa alilelewa na bibi, alijibu bila kuinua kichwa: "Tega."

"Nimemfungia mgeni chumbani. Mlango sikufungua, dirisha hakuna. Asubuhi mgeni hayumo."

Mkemia alifikiri, kisha akashindwa. "Nakupa mji. Chukua Kibiti hii, unipe jibu."

"Mji sitaki, jibu sinalo," alisema Mwanahalima. "Mgeni nilimwingiza mwenyewe, kwa mkono huu. Wewe ndiye mwenye vyombo. Nisaidie kumtafuta."

Rukaiya aliweka chupa chini. Akamwomba amweleze kazi yake yote tangu mwanzo, asiruke kitu hata kama anakiona cha kipuuzi. Mwanahalima akaeleza: maji ya bamvua, kijaruba, jua, kukwangua. Kisha kunyunyiza, kisha kujaza kanda na kulining'iniza.

"Kulining'iniza kwa nini?"

Mwanahalima alimshangaa. Kwani watu wa Dar wanakula chumvi na uchungu wake? Chumvi mbichi lazima idondoshe maji machungu siku tatu, ndipo inaingia mchuzini. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Chini unaweka chungu, maji hayamwagwi, yanapakwa ng'onda, samaki wa kukausha, inzi hawasogei.

Alipofika hapo aligeukia kanda lake. Macho yake yalishuka taratibu, kutoka kwenye kanda mpaka chini ya kanda. Ndani ya sufuria kulikuwa na maji ya kiasi cha kikombe cha kahawa, yaliyodondoka tangu mtumbwini.

"Mwanangu," alisema polepole, "hebu pima na haya."

Rukaiya alinyonya kidogo kwa mrija, akatia kwenye chupa safi, akatia dawa zake. Maji yakawa manjano, manjano ya bizari. Akatia wanga. Chupa nzima ikageuka buluu nzito, karibu na nyeusi, kama ngisi kaachia wino ndani. Akafungua bilula, matone yakaanza kushuka, naye akihesabu kwa midomo. Alihesabu mpaka Muhidini akavuta kigoda akaketi.

"Dawa yote imo humu," alisema Rukaiya. "Inayeyuka, bi mkubwa. Maji yakitoka, nayo inatoka."

Muhidini alikohoa, akasema kwamba yeye mwenyewe hakupata kusadiki yale maneno ya mganga wa Ruaruke.

Rukaiya akamwambia Mwanahalima amwage ile chumvi iliyokwisha kudondoka kwenye sinia, anyunyize upya kutoka chupa ya bwana afya, aiache ikauke kivulini. Walipomaliza sala ya adhuhuri wakapima. Buluu. Muhidini akakata lile neno aliloanza kuliandika, kwa mistari miwili, ili lisisomeke.

Nyumbani Mwanahalima alibadili utaratibu wa mama yake. Kwanza uchungu udondoke, ndipo dawa inyunyizwe, na kutoka hapo chumvi ikae kwenye mfuko wa nailoni, isirudi kwenye kanda. Biasha alikuja kuchungulia, akauliza sasa dawa ilikuwa imekwenda wapi miezi yote ile.

"Nipe mji," alisema Mwanahalima.

Biasha akampa Mbwara, kwa kuwa wakwe zake wa huko walikuwa wamemchosha.

"Umeila wewe. Ng'onda zangu zote ulizokuwa unakuja kuonja jikoni bila kuitwa, ndimo ilimokuwa."

Biasha alipeleka mkono shingoni, akajipapasa upande mmoja, kisha wa pili, kuona kama kuna kilichopungua.