Kengele ya Lusia

Sedekia aliingia kanisani na kofia kichwani, makusudi. Kama waliolifunga hawakuona haya, yeye avue kofia kwa heshima ya nani?

"Kamwene, baba," Tekla alimwamkia kutoka madhabahuni, ambapo sasa palikuwa na meza ya kuuzia. Binti huyu alikuwa amelikodi jengo lile na kulijaza vitabu vya kuuza. Upande waliokuwa wakikaa kina mama palisimama rafu mpaka dirishani.

"Kamwene, mwanangu. Usihangaike kunitafutia kitabu, shule yangu iliishia kwenye jembe. Nimefuata ile."

Kamba ya kengele ilikuwa imeviringwa kwenye msumari, juu ya vitabu vya watoto.

Basi, mawe ya kanisa lile, Lusia mke wa Sedekia aliyabeba kichwani kutoka mtoni, na mimba tumboni. Baadaye wakubwa wakajenga jipya chini Ipogolo, kando ya barabara kuu, wageni wao wafike bila kuchafua viatu. La mlimani wakalitia kufuli. Lusia akafa kufuli likingali linang'aa. Sedekia akamwendea Aroni, mzee wa kanisa, akaomba ufunguo ili kengele ya msiba ilie. "Taratibu haziruhusu," akajibiwa. Lusia akazikwa kimya, kama kuku aliyekufa kwa kideri.

"Mzee Aroni alinikataza kuigusa," Tekla alisema. "Imo kwenye mkataba wa pango."

"Amekukataza wewe. Mimi nilisaini wapi?"

Tekla aliguna, kisha akasogeza vitabu vya watoto pembeni.

Kengele ya ibada hupigwa mbiombio. Ya msiba hupigwa mara moja, mpigaji akavuta pumzi, ndipo akarudia. Sedekia alipiga ya msiba. Vumbi la darini lilimmwagikia kofiani, hakujipangusa.

Kule mlimani mlio huo ukikukuta shambani, jembe unaliacha palepale. Kina mama walifika wakijifunga kanga viunoni, matope miguuni, mbele yao Ikupa, aliyeolewa huku kutoka Mbeya.

"Nani katutoka?" Ikupa aliuliza.

"Lusia wangu."

"Eeh! Lusia si alikufa mwaka jana?"

"Mwaka jana mlisikia kengele?"

Nje pikipiki ilizimwa, Aroni akaingia akihema.

"Sedekia, umelewa? Nyie kina mama, rudini mashambani! Hakuna msiba hapa, hili ni duka!"

"Na lile la chini," Sedekia akamwuliza, "nalo siyo duka?"

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mzee Aroni," Ikupa alisema, "tangu lini mtu akaitwa msibani akageukia mlangoni? Unatutakia mkosi?" Akapita katikati ya rafu, upande ule ule aliozoea kukaa Lusia, akaketi sakafuni, miguu kainyoosha kama msibani. Wengine wakamfuata, mpaka mtu asingeweza kuvifikia vitabu bila kuwaruka. Wimbo wa maziko ukaanzishwa. Tekla akafunga droo ya fedha, naye akakaa.

Aroni alinyoosha mkono. "Nipe hiyo kamba."

Sedekia aliizungusha kiganjani mwake, akaikaza.

"Bado namzika," alisema.

Ndipo akavua kofia, akamtia Aroni mkononi amshikie, akavuta tena.